Barua ya Kukataliwa Yenye Thamani ya Pauni 46 kwa Wiki

Serikali ya Uingereza hutuma barua moja ya ajabu kwa wazee. Inamwambia mke anayemuuguza mumewe kwamba masharti ya posho ya uangalizi (Carer's Allowance) ameyatimiza yote, kisha papo hapo inamwambia kwamba hatalipwa hata senti. Wengi huisoma, wakaikunja, wakasema basi, yameisha. Kumbe ni barua ya kutunzwa kama hati ya nyumba. Kwa wanandoa wanaopokea Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo, karatasi hiyo kwa viwango vya mwaka ulioanza Aprili 2025 huongeza pauni 46.40 kila wiki, zaidi ya pauni 2,400 kwa mwaka. Asiyeomba posho ambayo atanyimwa, nyongeza hiyo haioni.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na mfumo huu. Kwa mtu anayemuuguza mwenzake wa ndoa uzeeni, fedha zipo, lakini zimewekwa nyuma ya maombi ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kufikiria kuyapeleka. Nani hujaza kurasa za fomu akijua jibu litakuwa sifuri? Mfumo unaomlipa mjanja wa fomu na kumpita mwenye shida hauwezi kujitetea kwamba ni mgumu kwa bahati mbaya tu. Kila mwaka asiyejua anapokaa kimya, kuna mtu hazina anayebaki na chenji.

Tupange mambo yenyewe kwanza. Viwango nitakavyovitaja ni vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, na hubadilika kila Aprili. Scotland ina posho zake zenye majina mengine, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya England na Wales zaidi.

Posho ya kwanza ni Attendance Allowance, na hii ni ya mgonjwa mwenyewe, si ya anayemuuguza. Hupewa aliyefikisha umri wa pensheni ambaye kwa miezi sita amehitaji mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kunywa dawa, au wa kumwangalia asijidhuru. Anayehitaji msaada mchana tu, au usiku tu, hupata pauni 73.90 kwa wiki. Anayehitaji mchana na usiku hupata 110.40. Haikatwi kodi. Haiulizi kipato, haiulizi akiba, wala haiulizi kama una mtu wa kukusaidia au huna. Mzee mwenye nyumba tatu Mombasa na mzee asiye na kitu huipata sawasawa.

Hiyo ikishatoka, anayemuuguza anaweza kudai Carer's Allowance, pauni 83.30 kwa wiki, mradi anamtunza kwa saa 35 au zaidi. Mke anaruhusiwa, mume anaruhusiwa. Lakini sheria inaihesabu posho hii na pensheni ya serikali kuwa kitu cha aina moja, vyote viwili vikiwa vya kuziba pengo la mshahara, na mtu halipwi vyote viwili kwa ukamilifu. Pensheni yako ikifika pauni 83.30, posho inageuka sifuri. Pensheni kamili ya mfumo ulioanza Aprili 2016 ni pauni 230.25, na hata ile ndogo ambayo wake wengi wa zamani hupata kwa michango ya waume zao ni pauni 105.70. Fanya hesabu mwenyewe uone ni wastaafu wangapi watakaobakiwa na chochote.

Sasa inaingia Pension Credit, ambayo huinua kipato cha wanandoa hadi pauni 346.60 kwa wiki. Mmoja wao akiwa na barua ile ya kukataliwa, dari linapanda hadi pauni 393. Chukua wanandoa ambao pensheni zao mbili zinafika pauni 360. Waliwahi kuomba wakaambiwa wamezidi, wakaacha. Mzee akapata kiharusi, akapewa Attendance Allowance, ambayo haihesabiwi kuwa kipato. Bibi akaomba Carer's Allowance, akakataliwa. Kwa kukataliwa huko, sasa wanastahili pauni 33 kwa wiki. Pauni 33 si utajiri, ila Pension Credit hata ikiwa ndogo huvuta mengine nyuma yake: msaada wa kodi ya pango, punguzo la kodi ya halmashauri, matibabu ya meno, miwani, na leseni ya televisheni bure kwa aliyetimiza miaka 75. Makadirio ya serikali yenyewe yanaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya kaya zinazostahili Pension Credit haziidai. Siamini kwamba theluthi hiyo ni ya wavivu.

Kuna linalopendeza zaidi, na ndilo linalosahaulika zaidi. Tuseme bibi naye magoti yamekwisha, hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa mkono, na anayemshika ni yule yule mzee wa kiharusi kwa mkono wake mmoja mzima. Sheria inakubali kwamba watu wawili dhaifu wanaweza kuwa waangalizi wa kila mmoja, mradi saa 35 za kila mmoja ni za kweli. Wote wawili wakipata Attendance Allowance, wote wakaomba Carer's Allowance na wote wakanyimwa kwa sababu ya pensheni, nyongeza ya uangalizi inahesabiwa mara mbili. Tena inakuja nyongeza ya ulemavu mkubwa, pauni 82.90 kwa kila mmoja. Dari lao linafika pauni 605.20 kwa wiki, tofauti na 346.60 walizokuwa wakizijua. Hapo posho zao za Attendance Allowance bado hazijaguswa.

Lakini nyongeza hiyo ya ulemavu mkubwa ina miiba, na miiba yenyewe imeelekea kwenye familia kama zetu za Afrika Mashariki. Hupotea mtu mwingine mzima anapoishi nyumbani humo bila sababu inayokubaliwa. Mtoto wa miaka 30 aliyerudi kukaa na wazazi ili asaidie usiku, jambo ambalo kwetu ni heshima na wajibu, anaweza kuwaondolea wazazi pauni 165.80 kwa wiki. Vivyo hivyo binti anayelipwa Carer's Allowance kwa ajili ya baba yake: anapoipokea, baba anahesabiwa kuwa tayari ana mtu aliyelipwa kumtunza, na ile nyongeza inaondoka. Tena mgonjwa mmoja hulipiwa mwangalizi mmoja tu. Binti akiichukua, mama aliyelala naye chumba kimoja na kuamka mara nne usiku hahesabiki. Nimesikia familia zikivunjika moyo kwa jambo hili, kila mmoja akidhani mwenzake amekula pesa, kumbe hakuna aliyewaeleza kwamba kabla ya mtu yeyote kutia saini ni lazima wakae wote chini na kalamu na karatasi.

Msimamo huu wa kumtazama mwenza wa ndoa kana kwamba kazi yake imekwisha kulipwa na ndoa yenyewe una historia ndefu. Posho ya uangalizi ilianza 1976, ikiwa na jina jingine wakati ule. Wanaume waliruhusiwa, na wanawake wasioolewa. Mwanamke aliyeolewa na kukaa na mumewe hakuruhusiwa kabisa, kwa hoja kwamba yeye angekuwa nyumbani hata hivyo. Ilibidi mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi kumtunza mama yake, afikishe shauri lake hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya huko Luxembourg, na Juni 1986 mahakama ikasema huo ni ubaguzi. Miaka kumi ya akina mama kufanya kazi bure kwa amri ya sheria. Na hata baada ya hapo, aliyeanza kuuguza akiwa ameshapita miaka 65 hakuweza kuomba upya mpaka mlango huo ulipofunguliwa Oktoba 2002.

Usidhani fikra hiyo imezikwa. Fungua kanuni za kodi ya halmashauri leo hii. Mtu anayeishi na mgonjwa na kumtunza saa 35 kwa wiki anaweza kuondolewa kwenye hesabu ya wakazi wa nyumba, na nyumba ikapata punguzo la asilimia 25. Shemeji anaondolewa. Rafiki anaondolewa. Mtoto mzima anayemtunza mzazi wake anaondolewa. Mke anayemtunza mumewe haondolewi, wala mume anayemtunza mkewe. Kanuni inawataja waziwazi kwamba wao hawamo. Nafuu iliyopo ni ya upande wa pili: mgonjwa mwenye dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akiwa na cheti cha daktari na posho kama Attendance Allowance, anaweza kuondolewa yeye mwenyewe kwenye hesabu, na punguzo likapatikana kwa njia hiyo. Wengi wenye haki hiyo hawajawahi kuisikia.

Nije sasa kwenye sheria ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote kwa ndoa za watu wetu. Si siri kwamba katika jamii zetu mume kumzidi mke miaka kumi au kumi na tano ni jambo la kawaida, na ndoa za pili hupanua pengo hilo zaidi. Hadi Mei 2019, mmoja wa wanandoa akifikisha umri wa pensheni, wote wawili waliweza kuombewa Pension Credit. Kuanzia tarehe 15 Mei 2019, lazima wote wawili wawe wamefikisha. Mmoja akiwa bado, wanapelekwa wote kwenye Universal Credit, posho ya watu wa umri wa kufanya kazi.

Tofauti si ndogo. Kiwango cha wanandoa katika Universal Credit ni pauni 628.10 kwa mwezi. Pension Credit ukiigeuza ya mwezi ni pauni 1,501 na ushei. Akiba pia hutazamwa kwa jicho jingine: katika Pension Credit pauni 10,000 za mwanzo haziguswi, na zinazozidi hupunguza malipo polepole bila kikomo cha kumfungia mtu mlango, katika Universal Credit ukiwa na zaidi ya pauni 16,000 huna chako. Mzee aliyelipwa kiinua mgongo chake baada ya miaka thelathini ya kuendesha basi anaweza kujikuta nje kwa sababu tu mkewe ana miaka 61.

Nifanye hesabu moja kamili, maana mjadala huu bila hesabu huishia kwenye manung'uniko. Mzee wa miaka 72, pensheni kamili ya pauni 230.25, amepooza upande mmoja na anapata Attendance Allowance ya juu. Mkewe ana miaka 61, aliacha kazi ya usafi wa hospitali ili amtunze, na anapata Carer's Allowance ya pauni 83.30 kwa sababu yeye hana pensheni ya kuigonga. Nyumba ni yao, hawalipi pango. Kipato chao, tukiiacha Attendance Allowance pembeni, ni pauni 313.55 kwa wiki. Wangekuwa chini ya Pension Credit, dari lao lingekuwa 393, na wangeongezewa pauni 79.45. Chini ya Universal Credit, hata ukirundika nyongeza ya uangalizi ya mke na nyongeza ya ugonjwa ya mume, dari linafika pauni 1,253 kwa mwezi, huku kipato chao kikiwa ni pauni 1,358. Hawapati kitu. Katika mwaka mmoja wamepungukiwa na pauni 4,131, na kosa lao ni tarehe ya kuzaliwa ya bibi.

Waliotunga sheria hiyo walisema mwenza aliye chini ya umri wa pensheni ahimizwe kufanya kazi kama mtu mwingine yeyote wa rika lake. Kwa mwenye mume mzima wa afya, hoja hiyo inajadilika. Kwa anayemgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili, haina miguu, na Universal Credit yenyewe inajua hivyo, ndiyo maana haimlazimishi kutafuta kazi. Yaani sheria inamkubali kuwa hawezi kufanya kazi, na bado inamlipa kama mtu anayepaswa kufanya kazi. Marekebisho yake wala si makubwa: wanandoa ambao mmoja wao ana posho ya ulemavu na mwingine ametambuliwa kuwa mwangalizi warudishwe kwenye Pension Credit. Ningeanza na hilo kabla ya jingine lolote.

Anayejaribu kuchanganya uuguzi na kibarua naye ana shimo lake. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025 anayepokea Carer's Allowance aliruhusiwa kupata mshahara wa hadi pauni 196 kwa wiki baada ya makato. Ukizidi kwa pauni moja, hukatwi pauni moja. Unapoteza zote 83.30 za wiki hiyo. Kwa miaka mingi ofisi inayolipa posho hiyo ilikuwa na taarifa za mishahara kutoka mamlaka ya kodi na haikuwaambia watu kwa wakati, mpaka madeni yakafika maelfu ya pauni na wengine wakafikishwa mahakamani. Kashfa hiyo ilipolipuka kwenye magazeti mwaka 2024, serikali ikamteua Liz Sayce kuichunguza, na ripoti yake ya Novemba 2025 ilieleza kwamba tatizo lilikuwa la mfumo zaidi kuliko la watu kudanganya kwa makusudi. Ushauri wangu kwa dada anayefanya zamu mbili za usiku kwa wiki: zamu ya ziada ya Desemba usiipokee kabla ya kupiga hesabu.

Turudi kwenye fomu ya Attendance Allowance, maana ndiyo funguo ya yote, na ndipo wazee wetu wanapojifungia wenyewe. Sisi tumelelewa kujibu "nzuri" kabla hatujafikiria. Mzee anaulizwa kama anaweza kuoga mwenyewe, anajibu ndiyo, alhamdulillahi. Mkewe aliye pembeni anatazama chini. Kuoga kwenyewe ni hivi: mke anamshika asianguke anapovuka ukingo wa bafu, anamsugua mgongo na miguu, anamkausha, anamvisha, na siku mbaya hawaogi kabisa kwa sababu hana nguvu za kumshika. Kwenye fomu jibu hilo linaandikwa "anaoga mwenyewe", na posho inakwenda na maji.

Anayejaza asiandike siku nzuri. Aandike siku za kawaida na mbaya, na aeleze ni mara ngapi kwa wiki, dakika ngapi, nini hutokea msaada ukikosekana. Kupika, kufua na kwenda dukani hakuhesabiwi sana, ingawa ndiko wanawake hukimbilia kukutaja, maana ndiko wanakokuona kuwa kazi. Kinachohesabiwa ni mwili wa mgonjwa na usalama wake: kumkumbusha dawa, kumsindikiza chooni saa tisa usiku, kumzuia asiwashe jiko akasahau, kumtuliza anapoamka asijue yuko wapi. Aibu ina nafasi yake kubwa hapa. Mke hataki kuandika kwamba mumewe hujikojolea, na mume hataki mtoto wao wa kiume anayewajazia fomu aisome. Ndiyo maana ni bora fomu ijazwe na mtu wa nje, wa mashirika ya ushauri kama Age UK au Citizens Advice, akiwa na mkalimani asiye jirani. Msikitini na kanisani kuna watu wema wa kusaidia, ila mji wetu ni mdogo na midomo ni mingi.

Na fomu isicheleweshwe. Attendance Allowance haiangalii nyuma. Inaanza siku ulipopiga simu kuomba fomu, mradi uirudishe ndani ya muda uliopewa. Carer's Allowance na Pension Credit zinaweza kurudishwa nyuma miezi mitatu. Tena, ombi la Carer's Allowance likipelekwa ndani ya miezi mitatu tangu mgonjwa apewe posho yake, linahesabiwa tangu siku ile posho ya mgonjwa ilipoanza. Asiyejua huacha fedha za miezi mezani.

Kuna dhuluma moja ndani ya Attendance Allowance ambayo mjaza fomu hodari hawezi kuitibu. Haina sehemu ya mwendo. Aliyepooza akiwa na miaka 64 akapata posho ya walemavu iitwayo PIP anaweza kupata pia fedha za usafiri, na akaendelea nazo hadi uzeeni. Aliyepooza akiwa na miaka 68 hana hata senti ya teksi ya kwenda kliniki, ingawa miguu yao imekufa sawasawa.

Safari za nyumbani nazo zina hesabu zake, na hapa nawasema sana wenzangu wa Zanzibar na Mombasa wanaokimbia baridi ya Januari. Attendance Allowance huendelea kulipwa ukiwa nje kwa muda hadi wiki 13. Carer's Allowance kwa kawaida huvumilia wiki nne, ila mwangalizi akisafiri pamoja na mgonjwa wake ili amtunze huko, inafuata posho ya mgonjwa. Pension Credit ndiyo yenye roho fupi: wiki nne tu, na safari yenyewe iwe imepangwa isizidi nne. Aliyekata tiketi ya wiki kumi hana haki ya kulipwa hata zile nne za mwanzo. Akifiwa na ndugu wa karibu huko huko, muda unaweza kuongezwa hadi wiki nane. Kwa wanandoa wa umri tofauti ambao walikuwa na Pension Credit kabla ya Mei 2019 na wameachiwa waendelee nayo, safari ndefu ni hatari maradufu: ikikatika mara moja, hawarudi tena kwenye Pension Credit mpaka yule mdogo afikishe umri, na umri wenyewe unapanda kutoka miaka 66 hadi 67 kati ya Aprili 2026 na Aprili 2028.

Kuhusu viza nitasema machache kwa sababu kosa lake ni kubwa. Mke aliyekuja kwa viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma asidai Carer's Allowance wala nyingine yoyote kati ya hizi kwa jina lake. Mume aliye raia anaweza kudai Attendance Allowance yake bila kumharibia mkewe. Pension Credit inapohusu ndoa ya namna hiyo, waende kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji, wasisikilize vikundi vya WhatsApp.

Linabaki jambo ambalo hakuna anayetaka kuliuliza mbele ya mgonjwa. Akifariki, Carer's Allowance huendelea kwa wiki nane, kisha inakoma. Mjane aliye chini ya umri wa pensheni anaweza kupata malipo ya msiba ya pauni 2,500 kwa mkupuo na pauni 100 kwa mwezi kwa miezi 18, ikiwa marehemu alikuwa amechangia bima ya taifa, na ayadai ndani ya miezi mitatu ili asipoteze sehemu yake. Baada ya hapo yeye ni mtafuta kazi mwenye miaka 63 na pengo kubwa kwenye wasifu wake wa kazi.

Hapo ndipo tofauti ya aliyeomba na asiyeomba inapoonekana wazi kuliko popote. Kila wiki aliyolipwa Carer's Allowance, mjane huyo aliwekewa pia mchango wa bima ya taifa, na michango ya miaka 35 ndiyo inayompa mtu pensheni kamili ya serikali. Aliyemuuguza mumewe kwa miaka sita akiwa amejiandikisha ana miaka sita ya pensheni yake mwenyewe. Aliyeuguza kimya kimya anaweza kukosa yote sita. Kwa ambaye hakuwa analipwa posho lakini alimtunza mgonjwa kwa saa 20 au zaidi kwa wiki, ipo Carer's Credit, ambayo haitoi fedha ila inajaza pengo hilo, na huombwa kabla mwaka wa kodi unaofuata haujamalizika. Kwa uuguzi wa mwaka ulioishia tarehe 5 Aprili 2025, siku ya mwisho ya kuomba iliwekwa kuwa tarehe 5 Aprili 2026.